Prefe Anayeozesha Maua

Mtu aliyenifukuza masomo ni jirani yangu leo. Naanza na hilo ili msomaji asifikiri nimekuja kumwimbia mzee wa watu sifa. Hapa Beu, mtaa wetu wa Beni, wote wanamwita Prefe, yaani mkuu wa shule, hata watoto ambao hawajawahi kukaa darasani kwake, hata mama anayemuuzia makala ya kupikia. Jina lake lipo, ila sitaliweka hapa, na mwenyewe haliitiki. Ukimwita kwa jina anageuka polepole, anakupima na macho, halafu anaendelea na njia yake.

Nilikuwa mwanafunzi wake Butembo, kwenye shule ya Wakatoliki, juu mlimani, ambako asubuhi baridi inakufanya ushike kalamu na vidole usivyovisikia. Alikuwa na viatu vya soli ngumu. Kwa viatu vile tulijua anatoka wapi, anaenda wapi, na hasira ya siku hiyo ina ukubwa gani. Viatu vikinyamaza nje ya dirisha, darasa lote lilikuwa linaacha kupumua, pamoja na mwalimu. Tena alikuwa na neno moja kwa kila mtu: "Fupisha." Umechelewa kwa sababu mama amelazwa hospitali: fupisha. Baba hajapata karo: fupisha. Siku moja mfanyabiashara mkubwa wa vitenge alikuja kumweleza namna alivyosaidia kuezeka paa la shule, na kwamba kijana wake, kwa hiyo, asirudie darasa. Prefe akamwambia fupisha, mbele ya mke wa tajiri huyo. Tulicheka mpaka mwisho wa muhula. Sifichi, kwa hilo tulimpenda kidogo.

Mimi zamu yangu ilifika nilipokuwa mwaka wa tano. Mwalimu wa nidhamu, mwanamke, alinishika tumbo mbele ya wenzangu kama anachagua papai sokoni, akanipeleka ofisini. Prefe hakupandisha sauti.

"Baba wa mutoto ni nani?"

Nilinyamaza. Aliuliza tena, nikanyamaza tena.

"Basi. Vua kola."

Uniforme yetu ilikuwa na kola nyeupe yenye alama ya shule, ya kufunga na vifungo. Desturi ya pale, binti anayefukuzwa anaiacha mezani, ili asipite barabarani na alama ya shule juu ya tumbo lile. Nilivua. Nilishuka mlima wote shingo wazi, na Butembo kila mama anayeuza viazi kando ya njia anajua msichana wa shule mwenye shingo wazi ametoka kufanya nini. Mmoja aliniita: "Pole, binti." Ningependelea anitukane.

Mvulana alibaki. Alifanya mtihani wa serikali, akapita, wakammwagia poda kichwani na kumbeba kwenye moto, yaani pikipiki, mji mzima huku wakipiga honi. Nilisikia zile honi nikiwa nyuma ya nyumba ya mama yangu nafua nepi. Sekondari nilikuja kuimaliza Beni, kwa Waprotestanti, maziwa yakilowesha uniforme saa ya hesabu. Nilijifunza kushona, nikabaki huku. Mtoto nilimwita Masika, jina ambalo kwetu hupewa binti wa kwanza, na hakuna aliyekuwepo kunishauri jina lingine.

Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba Prefe amestaafu, nilisema vizuri. Nilisema hivyo, vizuri, nikaendelea kukata kitambaa.

Mama yangu, aliyebaki Butembo, ndiye alikuwa ananiletea habari. Walimpa kiti cha plastiki, mbuzi dume, na hotuba ndefu ambayo hakuruhusiwa kuifupisha. Kesho yake asubuhi alivaa tai, akatoka, akasimama kwenye mlango wa shule kuangalia wanaochelewa. Siku iliyofuata vilevile. Watoto walikuwa hawajui wamwogope yupi, yule mpya aliye ndani au yule wa zamani aliye nje. Mwishowe Prefe mpya, kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe, alitoka na kumwambia kwa heshima zote: "Mukubwa, tunakuomba upumuzike." Akahamia sokoni. Alikuwa anasimama mbele ya vibanda vya watu na kusahihisha vibao vyao, herufi hii imekosewa, hapa pamekosekana nukta. Mama alisema, "Huyu mutu atakufa mwaka huu. Siyo ugonjwa. Amekosa mutu wa kungojea."

Mke wake alikuwa amekwisha kufa. Huyo mke alikuwa na kaka mwenye shamba huku kwetu, kupita nyumba za mwisho za Beu, upande wa kwenda Mangina. Kaka mtu alikuwa amekimbilia Butembo na familia yake, kama wengi, kwa sababu ya wale wa msituni wanaoua watu mashambani. Akamwambia shemeji yake kwa masihara: "Ukitaka shamba, enda ulichukue. Mimi siwezi tena kukanyaga kule." Wengine wote wanapandisha magodoro kwenye lori kuelekea Butembo. Prefe akateremka Beni, peke yake, na sanduku moja na koti lake.

Alifika kwa moto, amemkumbatia dereva kiunoni na macho amefunga. Mtu aliyetetemesha shule nzima anaogopa pikipiki, na kona zote anazisali kwa sauti. Dereva alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alitusimulia pale kituoni, tukacheka wote: "Nilimuambia, panda tu, Prefe. Ulinipaka zero kwa jeografia, lakini njia ya Beni naijua." Tangu siku hiyo madereva wa hapa wakimwona wanashindana kumbeba, maana kila mmoja ana zero yake ya kumkumbusha.

Mwezi ule ule akaja kwenye mashine yangu na suruali mbili. Alikuwa amekonda, suruali zinamcheza kiunoni. Alinisalimia kwa kiwiko, ile salamu tuliyobaki nayo tangu Ebola, halafu akanitazama.

"Wewe ni Kahindo wa mwaka wa tano."

"Nilikuwa. Ulinifukuza."

"Ndiyo," akasema. Akaweka suruali mezani, akazinyoosha na mkono. "Zitamalizika siku gani?"

"Siku ya tano."

Ijumaa hiyo alikuja, nikamwambia bado. Akaja tena siku nyingine niliyomtajia, nikamwambia bado. Suruali zilikuwa tayari, zimekunjwa chini ya meza. Nilitaka akasirike. Nilitaka aseme lile neno lake ili nami nimjibu mbele ya watu, jibu nilikuwa nimelitayarisha miaka. Hakukasirika. Alikuwa anafika kwa saa niliyotaja, anakaa kwenye benchi la wateja, anangoja. Na kwenye benchi lile lile alikuwa anakaa Masika akitoka masomo, na kazi yake ya nyumbani magotini.

Prefe alitazama daftari la Masika kwa upande.

"Hapo umesahau kitu."

"Koko, mimi bado sijamaliza," Masika akamjibu kama anayemjibu babu yake, bila hata kuinua kichwa.

Niliacha kukanyaga mashine. Butembo hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia Prefe bado sijamaliza. Alikohoa kidogo, akasema, "Endelea." Akangoja amalize. Hakuniuliza binti ana miaka mingapi. Anajua hesabu vizuri.

Suruali zake nilimpa kesho yake, maana sikutaka arudi tena. Alirudi.

Nisimfanye malaika, wala nisimfanye shetani, ingawa mara nyingi ningependa. Ni Mkatoliki wa kweli, ila misa anaifikia mahubiri yakiisha, kila Jumapili, maana hawezi kukaa chini mtu mwingine akifundisha. Bukari lake, ugali wa huku, lina mabonge ambayo hata kuku wa jirani wanayapita, lakini hamruhusu mtu kumsongea. Anafua nguo zake mwenyewe na kuzianika akizipanga kwa urefu. Mtoto akipita barabarani saa ya masomo anamsimamisha na kumuuliza shule gani, darasa gani, mwalimu nani, na mtoto anajibu yote kabla hajakumbuka kwamba yule mzee hana cheo hapa. Akisikia msichana fulani wa mtaa amepata mimba, anaingia ndani na kufunga mlango. Sijui anafanya nini mle ndani. Sijamuuliza.

Wengi wa hapa wanapanda kakao. Yeye alichagua vanila, tukasema amechanganyikiwa. Kwa asiyejua nieleze. Vanila ni mmea wa kutambaa, unaushikiza kwenye mti mwingine. Ua lake haliwezi kuzaa peke yake, na huku kwetu hakuna mdudu wa kulisaidia. Lazima mtu apite, achukue mwiba wa mlimau, afungue ua, ainue kile kiulimi kilicho ndani, halafu asukume na kidole gumba, sehemu ya dume iguse ya jike. Kazi hiyo wanaiita kuozesha, kama kwenye ndoa. Kila ua linaozeshwa moja moja, kwa mkono wa mtu.

Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza niliweka mkasi chini. Prefe, aliyekuwa akipita nyuma ya madarasa jioni na tochi kutenganisha wavulana na wasichana, sasa anaamka kabla ya jogoo kwenda kuozesha. Nilicheka mpaka mteja wangu akaogopa.

Alijifunza kwenye mafunzo ya wanunuzi wa vanila, akikaa mbele, akiuliza maswali mpaka wenzake wanaguna. Na pamoja na maswali yote hayo, msimu wa kwanza aliharibu. Kwenye kichala kimoja yanafunguka maua mengi, leo hili, kesho lile, na sheria ni kuozesha machache na kuacha mengine yaanguke, maana mti hauwezi kulisha yote. Waliwaambia hivyo wote. Yeye aliozesha yote. Kila ua alilolikuta limefunguka, alilipitisha. Mavuno yalitoka membamba kama njiti za fagio, miti mingine ikawa manjano na kukauka ingali imesimama.

Nilimtania bila huruma, mbele ya wateja. "Prefe, sisi ulitufukuza mpaka madarasa yakabaki wazi. Maua umeyapitisha yote?"

Wakacheka. Yeye alitazama mikono yake, ambayo siku hizi inatetemeka.

"Sikuweza kuchagua," akasema.

Nilirudi kwenye mashine. Nilikanyaga kwa nguvu kuliko kitambaa kilivyohitaji.

Sasa niseme kuhusu woga, maana bila huo hapana mtu atakayeelewa kwa nini nilifanya nilichofanya. Hapa kwetu shamba lina saa zake. Unaenda jua likiwa limepanda, mkiwa wengi njiani, na unarudi mapema. Ukiona wale wa mbali hawajapita na baiskeli zao za ndizi, huendi, unakaa. Hakuna aliyetuandikia sheria hizo. Kaka yangu alizijua, na siku moja aliona kakao yake itaoza, akatangulia wengine. Tulichorudishiwa ni baiskeli. Tangu hapo nikisikia mbwa anabweka vibaya alfajiri, naamka na kuhesabu waliolala nyumbani.

Vanila haijali saa zetu. Ua linafunguka alfajiri, na ikifika saa sita limekwisha kulegea. Usipoliozesha asubuhi hiyo, hakuna asubuhi nyingine. Kwa hiyo msimu wa maua, wakati sisi tunangoja baiskeli, Prefe alikuwa amekwisha kupita nyumba ya mwisho na koti lake na buti, mwiba mfukoni, giza halijatoka vizuri. Nilikuwa namsikia akipita nyuma ya ukuta wangu. Nilikuwa nalala macho wazi nikijiambia: si baba yako, si mjomba wako, huyu ndiye aliyekuvua kola, alale lilipo ua lake. Halafu hata kushona siwezi mpaka nimwone anarudi.

Ningeweza kuvumilia hivyo miaka. Kilichonishinda ni mikono ya Masika. Msimu wa pili niliona vipele kwenye viganja vyake, vyekundu, vinawasha. Maji ya mti wa vanila yanachoma ngozi, kila mtu hapa anajua vipele vile.

"Umeshika nini?"

"Ni sabuni ya chorale, Mama. Tulifua majoho."

Siku ya posho, yaani Jumamosi, alikuwa anatoka mapema kwenda chorale, kwaya ya kanisa. Nilikwenda kumuuliza kiongozi wa chorale, akanitazama na kuniuliza Masika anaendelea vizuri, maana hawajamwona tangu mwezi uliopita.

Nilingoja siku ya posho iliyofuata nimkamate mlangoni, nikachelewa kuamka, maana usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Kilichoniamsha ni milio ya bunduki. Si karibu, lakini si mbali vya kutosha. Nilitoka nje, barabara ilikuwa imekwisha kujaa watu wa ng'ambo ya mto, magodoro kichwani, mama mmoja amebeba sufuria ingali na maharage ya moto. Kitanda cha Masika kilikuwa kitupu.

Nilikwenda kinyume na watu wote. Wananiambia rudi, mama, unaenda wapi, na mimi nawasukuma. Sikumbuki nilipitaje ile mihogo ya kando ya shamba la Prefe. Nawakumbuka wao wawili tu, kila mmoja mbele ya mti wake, wamenyamaza, shingo zimeinama. Masika alikuwa na mwiba mdomoni, kama mimi ninavyoshika pini.

"Masika, toka hapo."

"Mama, kidogo tu, huu mustari..."

"Toka."

Prefe aligeuka. "Mama Masika," akasema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita hivyo, "iko mbali. Iko ng'ambo ya muto."

"Nani alikuambia? Walikupigia simu?" Nilimsogelea. "Huyu mutoto ulimufukuza mara ya kwanza akiwa ndani ya tumbo. Leo unamuita wewe mwenyewe. Juu ya nini? Vidole vyako vimekufa, ndiyo unataka vyake?"

Masika alikuwa anatutazama, mmoja halafu mwingine, na nikaona kwamba hilo la tumbo alikuwa halijui. Nilikuwa nimemwambia kwamba niliacha masomo ya Butembo kwa ajili ya baridi.

"Enda naye," Prefe akasema. "Uko na haki. Mimi nitabaki mpaka saa sita."

"Watakukata kichwa juu ya maua."

"Mama Masika." Alisema polepole, akiwa bado amelishika ua. "Nikitoka hapa, ninarudi kusimama kwa mulango wa shule."

"Simama. Si utakuwa muzima?"

Alitikisa kichwa na kugeukia mti. Masika akasema, "Koko, tuende." Hakugeuka. Nilimshika binti yangu mkono na kumkokota, na alilia njia nzima, sijui kwa ajili yake, kwa ajili yangu, au kwa ajili ya yule aliyebaki.

Siku ile nilishona pindo moja na kulifumua, nikalishona na kulifumua. Saa sita ikafika. Saa nane. Watu wa ng'ambo walikuwa wamekaa kwenye uwanja wa kanisa, wanahesabiana. Masika hakula na hakunisemesha. Mara moja tu aliniuliza, "Alikufukuza juu yangu?" Nikamwambia, "Juu yangu mimi. Wewe hukuwa umefanya kitu." Alirudi kutazama barabara. Jua lilipoanza kushuka tulimwona, koti begani, anatembea katikati ya barabara kwa mwendo wake wa ukaguzi. Alisimama mbele ya mlango wetu.

"Nimerudi."

"Naona," nikasema, nikamfungia mlango usoni. Halafu nilikaa chini nyuma ya mlango ule ule.

Siku kadhaa zikapita, wa ng'ambo wakaanza kurudi kwao, kama kawaida yetu. Jioni moja Prefe akaja na tai. Alikataa benchi, akabaki amesimama mbele ya mashine kama sisi tulivyokuwa tunasimama mbele ya meza yake.

"Nimekuya kuomba ruhusa."

"Ruhusa gani?"

"Ya mutoto. Siku ya posho na likizo. Kwanza nilimuchukua bila kuomba. Nilikosa."

"Hapana."

"Nimesikia." Akageuka kwenda.

Alikuwa amefika kwenye ngazi niliposema, "Masika hapana. Nitakuya mimi."

Majirani waliniuliza baadaye nililogwa na nani. Nitajibu. Masika angetoroka tena, naijua damu ile, ni yangu. Na mtu anayefungua kitu kidogo vile na mwiba masikio yake yanaziba, nilikuwa nimewaona wote wawili. Pale lazima awepo mmoja wa kusikiliza. Kuzuia mzee asiende nilikuwa siwezi, hata Mungu alionekana ameshindwa. Lakini saa ya kurudi naweza kuishika mimi.

"Mistari miwili ya kando ya muhogo ni ya Masika," nikamwambia. "Miti na mavuno. Unasema mbele ya watu wa mutaa, si kwangu tu. Na saa ya kutoka ni mimi nasema. Nikisema tuende, hauniulize sababu."

Alinyoosha tai yake.

"Ndiyo, Mama Masika."

Alisema mbele ya watu, Jumapili, nje ya kanisa, na siku hiyo alikuwa amefika misa mapema. Kesho yake asubuhi tulikwenda. Sikumruhusu kutangulia jua; tulingoja mwanga wa kuona mtu ni nani. Alinionyesha mara moja tu. Vidole vya mshonaji vinaelewa upesi, na baada ya mti mmoja nilikuwa nimempita. Alinionya kwa kila kichala, "Haya ya juu tunaacha," na kila aliposema tunaacha, alikuwa anakaa kidogo mbele yake kabla hajahamia kwingine.

Nilifanya kazi huku masikio yangu yakiwa njiani. Nilimuuliza bila kumtazama.

"Baba wa Masika. Ulimujua?"

Mwiba wake ulisimama. "Nilimujua."

"Tangu siku ile?"

"Kabla ya siku ile."

"Na ukaniuliza."

"Kama ungesema, ningemufukuza na yeye. Sheria ilikuwa vile." Alifungua ua lingine. "Hukusema. Nikafurahi."

"Ulifurahi."

"Alikuwa wa kwanza wa darasa. Shule ilitaka jina kwa mutihani."

Nilikuwa nimeinua ulimi wa ua, mkono umesimama hewani. "Na mimi nilikuwa wa ngapi?"

"Wa pili," akasema.

Hakusema pole, na nafikiri angesema ningemchoma na ule mwiba. Nilisukuma na kidole gumba, ua likafunga, nikahamia lingine. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu tufike sijasikia baiskeli hata moja. Jua lilikuwa limepanda na wale wa ndizi walikuwa hawajapita. Nilisubiri kidogo. Hakuna kengele, hakuna sauti ya mtu, ndege tu.

"Tuende."

Alikuwa mbele ya mti wa tatu wa mstari wake. Mistari iliyobaki ilikuwa imejaa maua wazi, meupe na kijani, mpaka kule kwenye mihogo.

"Hili moja tu," akasema.

"Prefe."

Aliachia ua. Aliweka mwiba mfukoni, akachukua koti lake kwenye tawi, akanifuata bila kugeuka nyuma. Tulitembea haraka, na yeye hakuuliza sababu. Tulipotokea barabarani, baiskeli ya kwanza ilikuwa inapanda kilima, imejaa ndizi, na nyuma yake nyingine, na nyingine, wenyewe wanacheka kuhusu mnyororo uliokatika na kuwachelewesha wote.

Prefe alizitazama zikipita. Alitazama jua, lilikuwa bado mbali na saa sita. Halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nangoja aseme turudi. Nilikuwa na hasira tayari, nimeishika mkononi.

"Kesho tutatoka saa ngapi?" akauliza.

"Kesho nitakuambia," nikasema, tukaendelea kushuka.